Nililifuta Neno "Kama"

Mimi ni mstaafu, na nina miaka thelathini na miwili. Mama yangu alipopata habari aliniuliza ni ugonjwa gani ninaomficha. Nilimweleza mara mbili kwamba katika kikundi chetu katibu hukaa miaka tisa, kisha anamkabidhi mwingine daftari na kwenda zake, na kwamba kanuni hiyo iliandikwa kabla sijafika. "Na tisa imetimia?" Imetimia. "Basi pumzika," akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga kunitafutia kazi kesho asubuhi.

Karatasi ya makabidhiano, ile tunayoiita remise-reprise, nimeshaiandika: madaftari kumi na saba, farde sita, yaani mafaili ya plastiki, muhuri mmoja, kiti kimoja ambacho mguu wake umefungwa kamba. Orodha nimeihakiki mara tatu. Lakini ninyi wawili mnaoingia mliniuliza kazi hii inafundishwa wapi, nami nikajibu kitu cha ovyo kuhusu uzoefu, halafu nikarudi nyumbani, mtaa wa Nguba, nikiona haya njia nzima. Hili ni jibu langu la pili. Ni rasimu ya tano. Ya nne haikuwa mbaya, ila ilinifanya nionekane mtu mwema kuliko nilivyo.

Mimi sikusomea kazi hii. Nilipomaliza sekondari nyumbani hawakuwa na uwezo wa chuo, kwa hiyo nilijisomea kwenye valve, yaani ule ubao ulio mbele ya kila ofisi ya mji wetu, ambako wanabandika matangazo. Nilikuwa nasimama pale na daftari nikinakili neno kwa neno: maji yatakatwa, njia imebadilishwa, fulani anatakiwa afike ofisini bila kukosa. Watu walidhani natafuta jina langu. Nilipenda jinsi sentensi zile zilivyosimama wima bila kumwomba mtu radhi. Nikatengeneza orodha ya maneno ambayo valve haiyatumii: labda, pengine, nafikiri, kidogo, kama. Niliyaita maneno legelege, na nikajiapiza kwamba hayatatoka kwenye kalamu yangu. Ishikeni orodha hiyo, mtaihitaji mbele.

Siku ya kwanza nilifika saa nzima kabla ya mkutano, na nilikuwa nimepiga pasi hata bahasha. Katika ukumbi tunaoazimwa na parokia nilimkuta Tonton Deo peke yake akipanga viti. Yeye ndiye alikuwa katibu kabla yangu, na "tonton", yaani mjomba, lilikuwa jina la heshima. Alikuwa mzee mwembamba, aliwahi kufanya kazi posta wakati watu bado wanaandikiana, na miwani yake ilishikwa sikioni na uzi mweusi.

"Ni weye mutoto wa valve?" aliuliza.

"Ndiyo, tonton."

"Batu baliniambia. Unaandikaka muzuri. Bon. Sasa utajifunza kusikia."

Akanipa vitu vitatu. Kwanza kalamu ya buluu. Nyeusi hataki kuiona, kwa sababu barua ya wino mweusi ikipigwa fotokopi hakuna anayejua ipi ni mama na ipi ni mtoto. Pili farde, kwa ajili ya mvua. Tatu daftari la jalada gumu, akanionyesha linavyotumika. Ukurasa wa kulia unaandika maneno ya watu kama walivyoyasema, kwa Kiswahili chao, hata kama yanakuumiza meno. Ukurasa wa kushoto unauacha mtupu. Huko ndiko utaandika baadaye yaliyotokea. Mnapoyafungua madaftari ya zamani mtaona kurasa nyingi za kushoto bado ni tupu. Msizione aibu, ila msizisahau.

Akanifundisha pia "kurudisha". Barua zetu zinaandikwa kwa Kifaransa, ndiyo lugha ya ofisi, na nyuma yake tunashona ukurasa wa Kiswahili unaosema yale yale. Kabla barua haijatoka, katibu anarudi kwa wenye shida, anawasomea ukurasa wa Kiswahili kwa sauti, na wao wanasema "njo vile" au wanasema sivyo. Bila kurudisha, barua haitoki. Niliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri na kuyapigia mstari.

Wiki iliyofuata nilipeleka barua yangu ya kwanza, kuhusu mfereji ulioziba. Mama wa mapokezi alinitazama akasema, "Acha hapo." Nikaacha hapo. Nikarudi nikiwa mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

"Akize iko wapi?" Tonton Deo aliuliza. Alimaanisha nakala ya pili, ile inayorudi ikiwa na muhuri wa ofisi na sahihi ya aliyepokea.

"Alisema niache."

"Uliacha zote mbili?"

"Zote mbili, tonton."

Alivua miwani, jambo lililochukua muda kwa sababu ya uzi. "Sasa uliipeleka ama uliitupa?"

Nilirudi siku hiyo hiyo. Barua haikuonekana tena. Labda ilifungia mtu karanga. Tangu hapo sijawahi kuondoka kwenye meza ya mapokezi bila akize, na mara moja nilingoja toka asubuhi mpaka walipofunga, huku nikijifanya nasoma kalenda.

Kwa wasiotujua, niseme kikundi hiki ni nini. Si chama, wala si shirika lenye gari. Ni watu wa mitaa ambao hukutana Jumamosi na kufuatilia mambo ambayo hayana ukubwa wa kufika redioni: mfereji, bomba la maji, ngazi zilizovunjika, soko dogo, mlango wa shule unaofungukia barabarani. Tunasikiliza, tunaandika kwa mwenye uamuzi, tunafuata barua mpaka ijibiwe. Hatuna mgombea. Anayetaka kugombea anaruhusiwa kabisa, ila anaacha kiti chake kwanza. Wakati mmoja wa kampeni mwenzetu fundi bati aliingia mkutanoni akiwa na tishati mpya yenye sura ya mheshimiwa kifuani. Tonton Deo hakumfukuza. Alimwambia aigeuze. Fundi aliivua mbele yetu, akaivaa ndani nje, akakaa.

"Sasa mheshimiwa anaangalia tumbo yako," Tonton Deo akasema. "Ajue vile inasikia njaa."

Tulicheka, na fundi alicheka kuliko wote. Lakini ninyi kumbukeni kwa nini. Siku tutakayokuwa na sura ya mtu kifuani, barua zetu zote za nyuma zitasomwa upya kama zilitoka kwake.

Sasa nifike pale ninapochelewesha kufika.

Mwaka wangu wa tatu kulikuwa na soko dogo kwenye mteremko, pembeni ya ngazi za simenti zinazoshuka hadi barabara kubwa. Watu waliliita Soko la Ngazi. Kina mama walikuwa wamejenga vibanda vya mbao juu ya mfereji wenyewe, kwa kuwa hapo tu ndipo palipokuwa tambarare. Mvua ikinyesha, maji yalikosa njia chini ya mbao na kuingia katika nyumba za chini. Nilizitembelea. Niliona godoro limeegemezwa ukutani likichuruzika, na baba wa nyumba akitoa tope kwa sahani. Kwa hiyo msidhani upande mmoja ulikuwa wa malaika. Wenye nyumba walikuwa na haki, na kina mama nao walikuwa na haki, na ofisi husika, ambayo sitaitaja, ilikuwa inataka mfereji ufunguliwe.

Tuliitisha kikao. Maman Faida alisema kwa niaba ya wenzake. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na alikuwa na tabia ya kuzungumza huku akichambua, kwa hiyo alikuja na sinia lake mkutanoni. Jirani yake wa kibanda, Maman Riziki, aliuza ndizi mbivu. Alikaa kando yake kimya, kama alivyokaa miaka yote pale sokoni. Maman Faida alisema kwa wawili.

"Sisi hatukatai. Maji inaingia mu nyumba ya batu, tunaona, tuko na macho. Tutatoka kama banatuonyesha fasi. Umeandika?"

"Nimeandika, maman."

"Soma."

Nikasoma: tutatoka kama banatuonyesha fasi.

"Njo vile. Usiongeze, usipunguze."

Maneno hayo yapo katika daftari la nne, ukurasa wa kulia, pamoja na "fasi", yaani mahali. Mnaweza kuyaona, mwandiko wangu wakati huo ulikuwa mzuri sana.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwenye kibanda cha kuchapisha barua. Tonton Deo, ambaye bado alikuwa ananisomea kazi zangu, alikuwa ameenda Walungu kwenye msiba wa shemeji yake. Nilikaa mbele ya mashine nikatazama ile sentensi, nikaona kwamba haikai. Ilikuwa na kichwa na mkia katika mwili mmoja. Nilitaka pointi. Valve ina pointi. Nikaikata mara mbili:

Moja: wauzaji wanakubali kuondoka.

Mbili: wauzaji wanaomba waonyeshwe mahali pengine.

Nilifurahi mno. Zote mbili zilianza na neno moja, zilikuwa karibu sawa kwa urefu, na katikati palikuwa na nafasi nyeupe safi. Neno "kama" halikuwa na pa kukaa, nikalifuta. Lilikuwa kwenye orodha yangu. Nikafanya vivyo hivyo kwenye Kifaransa. Halafu nikajiambia kwamba sina haja ya kurudisha, kwa sababu mama alishasikia maneno yake siku ya kikao na akasema njo vile. Aliyasikia maneno yake, ndiyo. Hakuyasikia yangu. Nilipeleka barua nikaleta akize yenye muhuri uliokaa sawasawa, haujapinda hata kidogo.

Wiki ya pili nilipita mbele ya ofisi, nikasimama kwenye valve kwa mazoea. Palikuwa na tangazo jipya. Nilianza kulinakili kama zamani. "Kwa kuwa wauzaji wa Soko la Ngazi wenyewe wanakubali kuondoka (pointi ya kwanza ya barua yao), wataondoa vibanda katika muda wa siku nane. Ombi lao (pointi ya pili) litachunguzwa baadaye." Kalamu ilikuwa katikati ya mstari nilipoitambua sentensi. Ilikuwa yangu. Nakiri hapa jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi: kwa pumzi moja nilifurahi. Sentensi yangu ilikuwa kwenye valve, imesimama wima. Katika pumzi ya pili niliona neno lililokosekana.

Sikuenda kwa Maman Faida. Nilikwenda nyumbani, nikafungua daftari, nikalitazama neno "kama" kana kwamba likitazamwa sana litajirudisha lenyewe. Siku ile yote sikusema. Siku ya pili pia. Nilijiambia natafuta namna nzuri ya kulieleza, na nilikuwa kweli naandika maelezo, rasimu baada ya rasimu, kila moja ikiwa na ofisi yenye makosa zaidi na mimi mwenye makosa machache zaidi.

Siku hiyo ya pili alinifuata ukumbini bwana mmoja, mtu wa mheshimiwa fulani aliyekuwa anajiandaa kwa uchaguzi. Alikuwa mpole, alikaa hata kwenye kile kiti cha kamba.

"Katibu, tumesikia matatizo ya bamama. Mukubwa wetu anaweza kupiga simu moja tu, ile tangazo itoke ku valve. Ni kitu kidogo."

"Na sisi tufanye nini?"

"Muandike tu barua ya kusema njo yeye alibalinda. Na siku ya kushukuru, bamama bavae kitambaa ya sura yake. Basi."

"Na kosa la barua ya kwanza?"

"Kosa gani?" akasema. "Nani ataulizia?"

Nilichukua kalamu. Nataka mjue hivyo. Niliichukua, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika "Mheshimiwa". Kilichonizuia hakikuwa msimamo wowote. Nilikosea herufi, nikachana karatasi ili nianze upya, na katika kuchana nikamkumbuka fundi bati akivua tishati mbele ya watu. Nikamwambia bwana yule arudi Jumatatu. Kisha nikateremka moja kwa moja mpaka kwa Tonton Deo, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo na viatu bado vina udongo wa makaburini.

Nilimweleza yote, pamoja na ile pumzi ya furaha? Hapana. Yote isipokuwa hiyo.

Hakunigombeza. Aliuliza, "Daftari inasema nini?"

"Inasema kama."

"Basi daftari haina kosa. Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya pili."

"Ya pili toka uone?" Alinitazama kwa mara ya kwanza kwa ukali. "Siku mbili batu bako nasoma uongo na weye uko nalala?"

"Silali, tonton."

"Haiko muzuri zaidi. Bo hawajui kama haulali. Enda. Hapana mu ukumbi. Enda pale pale ku ngazi, simama, sema. Hapana kukaa."

Nilikwenda. Ilikuwa saa za mchana, soko limejaa. Nilisimama kwenye ngazi ya tatu na farde yangu kifuani kama ngao. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, nikaisahau. Nikasema, "Ni mimi. Mlisema mtatoka kama wanawaonyesha mahali. Mimi niliondoa 'kama'. Ofisi haikuongeza kitu, ni mimi nilipunguza."

Muuza mboga mmoja akauliza, "Uliondoa nini?"

"Kama."

"Njo weye ulikula 'kama' yetu?"

"Ilikuwa na chumvi?" mwingine akadakia.

"Angalia vile iko mwembamba! Haikumushibisha hata!"

"Tulisema mulituuzisha ku chama. Kumbe ni Kiswahili ya masomo tu!"

Walinichoma hivyo kwa muda, na nilistahili. Maman Faida aliweka sinia chini, akacheka mpaka akageuza mgongo, mabega yakitikisika. Alipogeuka tena alikuwa ameshafuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Bon," akasema. "Iko siku sita. Kaa hapa, andika, soma."

Nikakaa kwenye ngazi, nikaandika magotini. Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba pointi ya kwanza na ya pili ni sentensi moja, kwamba sentensi hiyo ni "tutaondoka kama tunaonyeshwa mahali", na kwamba kosa ni la katibu ambaye jina lake liko chini. Niliirudisha pale pale. Walinilazimisha kusoma "kama" mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka watu wa barabarani wakasimama. Njo vile, wakasema. Waliojua kuandika wakatia sahihi, wengine kidole.

Nafasi ya kibanda kimoja ilikuwa tupu. Niliuliza Maman Riziki yuko wapi, tumchukulie sahihi.

"Alienda," wakasema. "Alisomewa ile tangazo, akaogopa. Asubuhi ya leo alibomoa mbao zake, akarudi kwao Mumosho."

Asubuhi ya leo. Laiti ningesema jana.

Shefu wa ofisi alikuwa mtu mzima, mchovu, mwenye sauti ya upole. Aliisoma barua mara mbili.

"Mademoiselle, batu bananiletea demande ya kuomba, bananiletea plainte ya kulalamika. Mutu wa kuniletea rectification, kusahihisha kosa yake mwenyewe, sijaona. Nitaiweka mu classeur gani?"

"Mu ile ya barua ya kwanza, chef. Juu yake."

"Na unajua jina yako itabakia humo?"

"Najua, chef."

Alifikiri, akachukua muhuri, akaupulizia hewa ya mdomo kwa sababu wino ulikuwa umekauka. "Pointi ya pili ilikuwa inapaswa kuwa ya kwanza," akasema, kama anayejisemea. Muhuri ulikaa umepinda. Ni akize nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Iko kwenye farde ya kwanza, msiitoe.

Siku ya saba, tangazo jipya. Muda uliongezwa, na kabla haujaisha walikuja watu wawili wa ofisi na chokaa, wakapanda na kina mama mpaka uwanja mdogo juu ya ngazi, ambapo zamani palirundikwa mawe. Wakachora nafasi chini, moja moja, kwa orodha ya majina yaliyokuwa kwenye barua. Jua ni kali pale na wateja hupanda wakilalamika, lakini ni mahali, na mpaka leo wako hapo. Mfereji ulifunguliwa. Yule baba wa nyumba za chini alinisimamisha siku moja kuniambia godoro limekauka. Mtu wa mheshimiwa alirudi Jumatatu kama nilivyomwambia. Nilimpa kiti na nikamweleza kwamba kosa limeshapata mwenyewe.

Jina la Maman Riziki halikuwa kwenye barua. Nafasi zote zilijaa.

Nilimfuata Mumosho. Nilimkuta akipalilia muhogo, akaniletea kiti, akanipa maji kabla sijasema lolote. Nilimsomea barua zote mbili. Alisikiliza kwa adabu kubwa, kama mtu anayesomewa habari za nchi nyingine.

"Tunaweza kuomba wakuongezee nafasi," nikasema. "Nitaandika leo."

"Mbao nilipatia ndugu yangu," akajibu. "Alitengeneza nazo mulango ya mbuzi." Akanionyesha. Ulikuwa mlango mzuri, bado una alama ya chokaa pale alipokuwa akiandika bei za ndizi. "Usijitese, mama. Nilikuwa nimechoka na zile ngazi."

Sijui kama alikuwa amechoka kweli au aliniwekea hilo neno ili niweze kurudi nyumbani. Niliomba ile nafasi bila ruhusa yake, nikaiomba tena mwaka uliofuata. Ukurasa wa kushoto wa jambo hilo ni mmoja wa zile zilizo tupu.

Niliendelea miaka mingine sita. Tulipata bomba, tukakosa taa, tukapata ngazi mpya zenye mikono ya chuma, na kuna barua ya mlango wa shule ambayo inawangoja ninyi. Tonton Deo alifariki katika mwaka wangu wa saba. Orodha yangu ya maneno legelege niliichoma, kisha nikaiandika tena kwa kumbukumbu upande wa ndani wa jalada la kila daftari, na juu yake: haya yachungwe. Mtaiona. Hofu yangu haikuisha. Bado naamka nikijiuliza kama niliweka tarehe. Ila nilijifunza kwamba hofu ya kukosea na hofu ya kusema nimekosea ni mbili tofauti, na ile ya pili ndiyo iliyomrudisha mtu Mumosho. Neno "kama" lilirudi kwa asubuhi moja ya kazi. Siku zile mbili hazikurudi.

Jana, rasimu hii ilipokamilika, nilipanda mpaka uwanjani kuirudisha. Maman Faida yumo ndani yake, kwa hiyo ni yake pia. Alikuwa akichambua sambaza. Nilikaa kwenye debe nikasoma kutoka juu, yeye akichambua, mpaka nilipofika pale kwenye ngazi ya tatu, ambapo alicheka akageuza mgongo.

"Simama hapo. Unasema nilicheka?"

"Ulicheka, maman. Mabega yalikuwa yanatikisika."

"Sikucheka." Hakuinua macho kutoka kwenye sinia. "Nilikuwa nalia. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemusaidia Maman Riziki kubeba mbao yake. Njo unakuja mchana kusema hakukuwa sababu ya kutoka."

Miaka sita nimekuwa nikiwasimulia watu kicheko kile. Nilitoa kalamu nilifute lile neno kule juu, niliandike sawa, kosa lisionekane.

"Unafanya nini?"

"Narekebisha, maman."

"Hapana. Usipunguze. Andika huku chini vile nakuambia, na kule wacha vile uliandika, baone."

Kwa hiyo nimeliacha. Huku chini naandika: Maman Faida hakucheka, alilia. Nikamsomea.

Akanyoosha mkono, akalikagua daftari kwa vidole vyenye magamba ya samaki, ingawa hajui kusoma.

"Njo vile," akasema. "Sasa batolee bale bapya."